Mlingoti Uliolala Migosi

Kwenye ploti yetu ya Migosi, mjini Kisumu, watu walianika nguo juu ya mlingoti wa mashua. Ulilazwa juu ya vigoda vinne, kutoka mlango wa chumba cha Fundi hadi karibu na bomba la maji, mrefu kiasi kwamba aliyetaka kwenda chooni ilibidi auzunguke au ainame apite chini yake. Shuka, nepi, sare za shule, zote zilikaukia pale. Fundi hakumkataza mtu. Aliomba tu nguo zikamuliwe vizuri, zisidondoshe maji kwenye bawaba iliyokuwa katikati yake.

Simtaji jina kwa sababu sikumbuki mtu yeyote akilitumia. Watoto walimwita Fundi, wazazi wetu walimwita Fundi, na hata mwenye ploti alipokuja kufoka kwamba nyumba zake zimegeuzwa bandari, alianza kwa kusema, "Sasa Fundi." Kutoka Migosi hadi ziwani ni mwendo wa kutosha kumchosha mtu, na jambo hilo liliwapa wapangaji mzaha usiokwisha.

"Fundi, mafuriko ya Ahero yakifika hapa utatubeba?"

"Wengine nitabeba. Wewe nitaacha. Unakanyaga mbao yangu."

Mimi nilimjua kwa karibu miaka kumi, tangu nikiwa shule ya upili katikati ya miaka ya themanini. Sisi si Wajaluo. Baba alitoka upande wa Kakamega, akaja Kisumu kuwa karani wa bohari, lakini Kijaluo nilikijua kwa kucheza na watoto wa ploti, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyasikia kwa lugha hiyo. Fundi mwenyewe alipenda kuongea nami Kiswahili. Nadhani alikiona kuwa lugha ya kazi, kama nguo anayovaa mtu akienda kiwandani.

Alikuwa na tabia ya kunusa mbao kabla ya kuinunua. Aliinama juu yake pale kwa muuza mbao kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha aliinuka na kusema ndiyo au hapana, bila kueleza. Kalamu ya risasi ilikaa nyuma ya sikio la kulia, na kila siku aliitafuta mfukoni. Chai alikunywa bila sukari, si kwa ugonjwa, ila kwa sababu sukari iliyomwagika huvuta sisimizi kwenye gundi. Neno lake lilikuwa moja: "Pima tena." Ukimwambia saa, pima tena. Ukimwambia fulani ameoa, pima tena. Nilipopata alama za kunipeleka chuo kikuu, nikamwonyesha barua, aliisoma mpaka chini, akanirudishia, akasema, "Pima tena," kisha akacheka kwa kifua na kunipa mkono. Tangu siku hiyo akaniita Injinia, ingawa nilikuwa sijakanyaga darasa.

Kazi yake ya chakula ilibadilika mbele ya macho yetu. Nikiwa bado shuleni alitengeneza vitanda, kabati, meza za kanisa. Miaka ya tisini ilipoingia alitengeneza majeneza. Vitanda vilipungua, majeneza yakaongezeka, na nilipouliza mezani kwa nini watu wa rika la kaka zangu wanazikwa kila Jumamosi, mama aliniambia ninyamaze nile. Fundi hakunyamazisha mtu, lakini pia hakujibu. Alipima. Watu walimletea urefu wa marehemu kwenye kamba iliyofungwa fundo, naye aliinyoosha kamba ile juu ya mlingoti wake ili aisome, maana mlingoti ndio ulikuwa kitu kirefu na kilichonyooka kuliko vyote pale uani.

Jioni alifungua redio kusikiliza matangazo ya vifo. Hapo hakutaka kelele. Akina mama walishusha sauti, watoto walifukuzwa. Tangazo la mwisho likisomwa, aliizima redio, hata kama muziki mzuri ulikuwa unaanza. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilimwambia mama kwamba jamaa anatafuta wateja. Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Na sasa mlingoti wenyewe. Fundi alitaka mlingoti unaokunjwa, wenye waya wa taa ndani. Alichukua ubao wa saiprasi ulionyooka, akaupasua katikati kwa urefu wake wote, akachimba kila nusu kwa patasi mpaka ukabaki mfereji katikati. Waya ulilazwa mferejini, nusu mbili zikapakwa gundi na kukutanishwa, kisha zikafungwa kwa mipira ya tyubu za baiskeli, zikibanwa zamu kwa zamu mpaka gundi ikauke. Ukimaliza kupiga randa huoni palipounganika, wala huwezi kujua kwamba ndani kuna kitu. Juu ilikaa taa ndogo, chini betri ya gari. Na karibu na nusu ya mlingoti kulikuwa na bawaba ya shaba nzito, ili mtu mmoja aliyeketi nyuma ya mashua aweze kuvuta kamba na kuukunja mlingoti mzima bila kuachia usukani.

"Mtu mmoja," alisema kila alipoeleza. "Mkono moja. Ile nyingine iko na usukani."

Shida ilikuwa pale kwenye bawaba. Ukikunja na kukunjua mara kadhaa, waya ulikatika ndani. Na kwa kuwa ulifichwa, haungeweza kuunganishwa hivi hivi. Ilibidi apashe gundi moto, apasue mlingoti wote tena, atoe waya, asafishe mfereji, aanze upya. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi, kwa sababu majeneza hayakungoja. Mama alikuwa akikumbuka mambo kwa kuhesabu mipasuko: dada yako alizaa mlingoti ulipopasuliwa mwaka ule wa mvua nyingi, na kadhalika. Taa iliwaka, watu wakapiga makofi, baada ya siku chache ikazimika, Fundi akatikisa kichwa na kufuata nyundo.

Nilimuuliza kwa nini asipigilie waya nje ya mlingoti kama watu wengine.

"Nje inakatwa na kamba ya tanga."

"Basi weka taa ya betri ndogo, haina haja ya waya."

"Inazimwa na maji."

"Kwa hiyo unataka kitu kisichoharibika."

"Mimi nilisema hivyo? Nimesema kitu ya kuwaka."

Wakati huo nilikuwa nauliza kila kitu. Niliuliza kuhusu Mungu, kuhusu serikali, kuhusu bei ya sukari ya miwa iliyokatwa mbele ya macho yetu. Fundi hakuonekana kuchoka na maswali. Alijibu yale ya mbao, na yale mengine aliyaacha yapite. Jumapili aliimba sauti ya besi kanisani kwa nguvu, lakini hakukubali mchungaji auombee mlingoti. Alikataa watu kupiga mluzi karibu na gundi mbichi, na hapo hapo aliwacheka wanaoogopa bundi. Alisema ukweli hata pale uongo ungemletea mteja, kisha akadanganya kuhusu mambo madogo yasiyo na faida, kama kwamba amekula. Mikono yake ilikuwa na subira ya ajabu. Siku moja, nikiwa kidato cha tatu, mama wa chumba cha tatu alimletea pasi ya umeme ambayo waya wake ulikuwa ukikatika shingoni kila mwezi. Fundi alichukua waya laini, akauviringisha kwenye kalamu yake ya risasi mizunguko kama kumi, akachomoa kalamu, akabaki na kitu kama springi. Akakifunga pale shingoni mwa pasi.

"Ikinyooka inavunjika," alimwambia yule mama. "Ikijikunja hivi, inacheza tu."

Niliangalia, nikaenda zangu.

Habari ya Okoth niliijua kutoka kwa mke wa Fundi. Yeye alikaa nyumbani kwao Usenge, kando ya ziwa, na alikuja Kisumu mara moja moja na omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa akipepeta na mama yangu mlangoni, akitoa mchanga, na aliongea huku ametazama ungo. Okoth alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mashua aliyosafiria ilijengwa na baba yake, na mlingoti pia. Upepo uliwakuta yeye na mwenzake katikati ya maji, mlingoti haukuweza kushushwa upesi, mashua ikalala ubavu. Iliinuka tena, lakini waya wa taa, uliopigiliwa nje, ulikuwa umekatwa na kamba ya tanga. Watu wa Usenge waliotoka kuwatafuta walipita karibu. Walisema hivyo wenyewe: tulipita karibu, hatukuona taa. Asubuhi mashua ilipatikana imepinduka. Mwenzake alipatikana siku ya tatu, akazikwa. Okoth hakupatikana.

Mtu aliyepotelea ziwani asipopatikana, Wajaluo wana njia. Huchukua tunda la mti wa yago, lile refu, zito, linaloning'inia kama gogo la kijivu, wakalivisha sanda, wakalililia, wakalizika mahali pa mtu. Hapo marehemu anakuwa amerudi nyumbani na waliobaki wanaweza kuendelea. Fundi alikataa. Na kwa kuwa alikataa, mambo yote ya boma yalisimama. Mdogo wake Okoth hakuweza kujenga nyumba yake bomani kabla mkubwa hajapewa mahali pake. Alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na wazazi, na wazazi walikuwa wameanza kuuliza.

Nilimsikia mwenyewe mke wa Fundi akimwambia mumewe, pale kando ya mlingoti, bila hasira.

"Baba, huyu kijana anazeeka mkononi mwako."

"Nikimaliza hii."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana haikuwa imekwisha."

"Na mimi? Nitafungua mlango mpaka lini kila mbwa akibweka?"

Fundi alipiga randa. Yule mwanamke akachukua beseni lake, akaingia ndani. Kwa desturi Fundi angemwita Min Okoth, mama wa Okoth. Tangu mashua ipatikane alimwita Mama tu, kama sisi wengine.

Nami nilipomuuliza Fundi kuhusu yago, alijibu upesi kuliko kawaida. "Mimi siziki matunda."

Nilifurahi. Nilidhani nimempata mwenzangu, mtu mzima wa ploti yetu anayefikiri kwa kichwa chake, anayekataa kulilia tunda. Nilimheshimu kwa hilo kwa miaka, na nilimnukuu kwa wenzangu chuoni.

Kisha chuo kikafungwa. Kulikuwa na mgomo, askari wakaja, tukapewa saa chache za kuondoka, nami nikarudi Migosi na sanduku la vitabu vya umeme na hasira nyingi isiyo na pa kwenda. Nilikaa uani kuanzia asubuhi. Mlingoti ulikuwa umepasuliwa, uko wazi kama samaki. Nilitazama pale waya ulipokatikia, nikakumbuka simu za barabarani za Nairobi, ule waya wa mkono wa simu uliojiviringa, unavutwa na maelfu ya watu na haukatiki.

"Mzee, nipe waya laini," nikamwambia. "Na kalamu yako."

Aliipapasa mifukoni. Nikaichukua nyuma ya sikio lake. Nikauviringisha waya mizunguko kama kumi, nikachomoa kalamu, nikaupanua mfereji kidogo pale kwenye bawaba ili springi ikae ikicheza. Nilieleza huku nafanya, kwa maneno ya darasani, kuhusu chuma kuchoka kinapopindwa mahali pamoja. Fundi alisimama, mikono nyuma, hakusema kitu. Nilichukulia kimya chake kuwa ni cha mwanafunzi.

Alichukua siku zake kuunganisha nusu mbili. Hakuwahi kuchukua siku nyingi hivyo. Gundi ilipokauka tuliusimamisha pale uani, ukapita paa la mabati, watoto wakashangilia, nami nikavuta kamba. Ukakunjika. Nikauinua. Taa ikawaka. Nikarudia mpaka mikono ikaniuma, wapangaji wakipokezana kamba, na kila mara taa iliwaka. Yule mama wa pasi alisema, "Injinia ameweza, Fundi. Tutaanika wapi sasa?" Watu wakacheka.

"Pima tena," Fundi akasema.

Tukapima tena siku ya pili, na ya tatu. Iliwaka. Siku ya nne hakutoka chumbani, ingawa kulikuwa na kamba tatu za fundo zikimngoja mlangoni. Mama alimpelekea uji. Aliporudi alisema, "Umemfanya nini mzee wa watu?" Nikamjibu kwamba nimemmalizia kazi yake. Nilijibu kwa majivuno, nayakumbuka.

Chuo kilifunguliwa, nikaenda. Barua ya mama iliniambia yaliyobaki. Fundi alikodi lori, akapakia vifaa na mlingoti, akarudi Usenge. Alizika. Mama alihudhuria. Aliandika kwamba Fundi alitengeneza jeneza mwenyewe, la urefu kamili wa Okoth, bila kamba ya mtu yeyote kumwonyesha, na tunda lilipolazwa ndani lilikuwa dogo, basi akachonga vipande vya mbao na kuvipachika kila upande ili lisibingirike njiani kwenda kaburini. Kutoka mlangoni hadi kaburini, mama aliandika, ni hatua chache tu. Mimi nilisoma barua hiyo na kusikitika kwamba wazee wa ukoo wamemshinda. Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

Nilimaliza chuo, sikupata kazi. Nilirudi tena Migosi, kwenye kitanda kile kile alichokitengeneza Fundi, nikiandika barua za maombi ambazo hazikujibiwa. Ghuba ya Kisumu ilikuwa imefunikwa na magugu, kijani kibichi mpaka upeo wa macho, boti zimekwama ndani yake kama zimepandwa. Siku moja niliitwa kwenye mahojiano. Mama aliazima pasi chumba cha tatu ili aninyooshee shati. Nilikuwa nimeketi namngoja, nikimtazama bila kuona kitu, mkono ukienda na kurudi, na shingoni mwa pasi ile springi ikicheza. Mizunguko kama kumi. Miaka yote hiyo haikuwa imekatika.

Mahojiano niliyakosa bila huzuni. Juma hilo nilikwenda Usenge.

Nilimkuta kivulini mwa paa la nyumba yake, ametazama omena zilizotandazwa kwenye nyavu kuukuu chini ya jua. Alikuwa amekonda na macho yamekuwa na ukungu. Upande wa pili wa boma mwanawe mdogo alikuwa akipigilia mabati kwenye nyumba yake mpya. Katikati palikuwa na kaburi, limejengewa ukingo wa mawe. Mlingoti ulilazwa kando ya ukuta juu ya vigoda vile vile vinne. Mashua haikuwahi kujengwa. Hakuna nguo iliyokuwa juu yake.

"Injinia," alisema aliposikia sauti yangu. "Umepata kazi?"

"Bado, Mzee."

"Pima tena."

Mkewe alinisalimia, akaenda kuchemsha chai. Niliketi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea.

"Mzee, ulijua," nikasema. "Ile ya pasi. Ulijua tangu zamani."

Alingoja nyundo ya mwanawe itulie. "Pasi ni pasi," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia niache?"

"Ningekuambia nini? Watu wote walikuwa wanaangalia. Taa inawaka. Ningesema sitaki iwake?"

Nilimwomba msamaha, akafukuza neno hilo kwa mkono kama nzi. Kisha akanisogelea, akaongea kwa sauti ndogo, kama anayeomba kitu cha aibu.

"Unaweza kuiharibu?"

"Mlingoti?"

"Waya. Ndani. Mahali mimi siwezi kujua. Wewe umesoma."

Alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama huko amenipa mgongo. Mimi, niliyekataa yago kwa hoja zangu zote, nilipiga magoti kando ya mlingoti na kufikiri kwa bidii ambayo sikuwahi kuipa mtihani wowote. Kwenye bawaba angetazama kwanza. Chini pia. Nikafungua taa ya juu, nikauvuta waya kidogo, nikaukata, nikasukuma ncha iliyokatwa mbali ndani ya mfereji kwa spoku ya baiskeli niliyoikuta ukutani. Nikarudisha taa, nikaifuta kwa shati langu. Nikamwita.

Alibonyeza swichi. Haikuwaka. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Migosi. Aliomba bisibisi. Alikaa kwenye kigoda, akapandisha miguu ya suruali, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye mbao, taratibu, kutoka chini. Alipita kwenye bawaba bila kusimama. Nilitamani mlingoti uwe mrefu zaidi. Alifika juu, akagusa ukingo wa tundu, akarudia kugusa. Mkewe alikuwa hajaleta chai bado.

"Hapa kuna mkwaruzo ya spoku," akasema. "Umekata hapa."

Aliweka bisibisi chini. Akalaza mkono juu ya mlingoti. Kisha akaichukua tena, akafungua taa, akaivuta ile ncha kwa spoku, akazifunga nyaya mbili kwa vidole bila kuzitazama. Taa ikawaka, saa sita mchana, jua kali juu ya omena na juu ya mawe ya kaburi. Mkewe alileta chai. Tulikunywa, mwanawe akaendelea kupigilia mabati, na hakuna aliyeinuka kuizima.